Mbio Zikifutwa, Mkimbiaji wa Ridhaa Anabaki na Nini?

Ujumbe uliingia kwenye simu Alhamisi jioni, siku tatu kabla ya mbio: waandaaji walisikitika kutuarifu kwamba mashindano ya Jumapili yamefutwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wao, na kwamba taarifa kuhusu ada zetu ingetolewa baadaye. Namba yangu ya kifuani ilikuwa tayari imebanwa kwenye fulana kwa pini nne, na fulana yenyewe imetundikwa mlangoni, kwa kuwa mimi ni wa wale wanaojiandaa mapema kama mtoto anayesubiri sikukuu. Niliibandua usiku uleule. Wiki iliyofuata sikukimbia hata siku moja, na wiki ya pili nilitoka mara moja tu, nikageuza baada ya kilomita tatu nikijiambia kwamba mvua inakuja.

Huzuni niliitarajia. Kilichonishangaza ni uvivu uliofuata, kwa sababu kabla ya kujiandikisha kwa shindano lolote nilikuwa nimekimbia miaka minne peke yangu, bila namba, bila medali na bila mtu wa kunisubiri mwisho wa barabara, na katika miaka hiyo sikuwahi kukosa sababu ya kufunga kamba za raba. Iweje basi mtu aliyeweza kukimbia miaka minne bila mashindano ashindwe kukimbia wiki mbili baada ya shindano moja kufutwa?

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, swali hilo liliwakuta wakimbiaji wa dunia nzima kwa pamoja. Tarehe 1 Machi mbio za Tokyo zilikimbiwa na wanariadha wa kiwango cha juu peke yao, huku maelfu ya watu wa kawaida waliojiandikisha wakiambiwa wabaki nyumbani. Ada zao hazikurudishwa, bali waliahidiwa nafasi ya mwaka uliofuata ambayo wangeilipia upya. Tarehe 28 Mei mbio za Boston, ambazo zimekuwa zikikimbiwa tangu mwaka 1897, zilifutwa kwa mara ya kwanza katika historia yake, baada ya kuahirishwa kwanza kutoka Aprili hadi Septemba. Berlin, Chicago na New York zikafuata. Watu waliokuwa wameamka alfajiri kwa miezi mitano wakajikuta hawana pa kupeleka miguu yao.

Jibu linaanzia kwenye kutenganisha mambo mawili ambayo kwa haraka huonekana kuwa jambo moja, yaani kutokuwa na mbio na kufutiwa mbio. Asiyekuwa na mbio ana kila alichokuwa nacho jana. Aliyefutiwa ameondolewa nguzo aliyokuwa ameshaanza kuiegemea, na wakati ule alipokuwa akiiegemea, misuli aliyokuwa akisimamia mwanzoni ililegea kidogo.

Lugha yetu inasaidia hapa kuliko tunavyoipa sifa. Tumezoea kutumia motisha, hamasa na ari kana kwamba ni neno moja lenye matamshi matatu, lakini anayesikiliza jinsi watu wanavyoyasema atagundua kwamba kila moja lina kazi yake. Motisha ni kitu anachopewa mtu ili afanye jambo. Ndiyo maana mfanyakazi hudai motisha, na hakuna anayeshangaa akisikia kwamba motisha ya mwezi huu imechelewa. Hamasa huwashwa na wengine, iwe kwa ngoma, kwa hotuba au kwa uwanja uliojaa. Ari ni ya mtu mwenyewe, haichelewi kwa sababu ya mhasibu na haizimiki umati ukitawanyika. Shindano la mbio huleta motisha kwa sura ya medali na fulana, huleta hamasa kwa sura ya watu wanaopiga makofi barabarani, na kwa bahati nzuri au mbaya huvichanganya vyote viwili na ari kiasi kwamba mkimbiaji mwenyewe hajui tena ni kipi kinachomwamsha. Shindano likifutwa ndipo anapolazimika kujua.

Kuhusu motisha, kuna jaribio moja mashuhuri lililochapishwa mwaka 1973 na wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Walikwenda katika shule ya chekechea, wakachagua watoto ambao tayari walipenda kuchora, kisha wakawagawa katika makundi. Kundi moja liliahidiwa kwamba mtoto akichora atapewa cheti chenye nyota na utepe. Kundi jingine lilipewa cheti hichohicho kwa ghafla baada ya kuchora, bila ahadi. Na kundi la tatu halikupewa wala kuahidiwa kitu. Baada ya wiki moja au mbili watafiti walirudi kuangalia watoto wanafanya nini wakiachwa wachague wenyewe. Wale walioahidiwa cheti walitumia takriban nusu tu ya muda ambao wenzao waliutumia kuchora. Waliopewa kwa ghafla hawakupoteza hamu. Kwa maneno mengine, kilichoharibu mambo kilikuwa ile ahadi iliyotangulia, kwa sababu ilimfanya mtoto aanze kuamini kwamba anachora ili apate cheti.

Nadhani hivyo ndivyo ilivyonikuta, ingawa nakiri kwamba mtu mzima si mtoto wa chekechea na medali ya bati inayoning'inia nyuma ya mlango haina nguvu kiasi hicho. Nilikuwa nimebadilisha sababu bila kutambua. Miaka minne ya kwanza nilikimbia kwa sababu nilipenda jinsi Dar es Salaam inavyokuwa kabla ya daladala kuamka. Mwaka wa tano nilikimbia kwa sababu ya Jumapili fulani ya mwezi fulani. Jumapili ile ilipoondolewa, sababu ya zamani haikurudi yenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeiacha muda mrefu bila kuitumia. Hapa ndipo ninapolipenda neno ambalo wanamichezo wetu hulitumia kwa asiyelipwa. Tunasema mwanariadha wa ridhaa, ndondi za ridhaa, na tumelisema hivyo kwa muda mrefu hadi tumesahau kwamba ridhaa ni kukubali kwa moyo wako mwenyewe.

Hata hivyo, anayedhani kwamba medali ndiyo kiini cha shindano hajaangalia vizuri. Zawadi kubwa zaidi ambayo shindano humpa mkimbiaji wa ridhaa ni tarehe.

Mwaka 1932 Clark Hull, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba panya anayepita kwenye njia ya kuelekea chakula huongeza kasi kadiri anavyokikaribia. Binadamu naye hafanyi tofauti sana. Watafiti Eric Allen, Patricia Dechow, Devin Pope na George Wu walichambua karibu matokeo milioni 10 ya watu waliomaliza marathoni, wakakuta kwamba watu wanaomaliza muda mfupi kabla ya saa 3, saa 3 na nusu au saa 4 ni wengi kupita kiasi ukilinganisha na wanaomaliza mara tu baada ya alama hizo. Barabara haijui saa 4 ni nini, na moyo wa mtu haujui tofauti kati ya saa 3 na dakika 59 na saa 4 na dakika 1. Ni akili iliyochora mstari ule, kisha ikaukimbilia. Tarehe ya mbio ni mstari wa aina hiyo uliochorwa kwenye kalenda: ikiwa mbali huvuta polepole, ikikaribia huvuta kwa nguvu, na ikifutwa wiki ya mwisho humwangusha mtu katika kilele chake.

Kwa mantiki hiyo kuahirishwa kuna hila kubwa kuliko kufutwa, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mbio za London zilikuwa zifanyike tarehe 26 Aprili 2020, zikasogezwa hadi 4 Oktoba, na mwezi Agosti ikatangazwa kwamba siku hiyo wangekimbia wanariadha wa kiwango cha juu tu, wakizunguka bustani ya St James's Park. Aliyeambiwa mwezi Machi kwamba mbio zimefutwa angepumzika, angehuzunika, angeanza upya. Aliyeambiwa zimeahirishwa alipaswa kuendelea kuubeba mwili uliokwisha kuiva, na mwili ulioiva haubebeki kwa miezi. Ubora ule wa mwisho, unaopatikana kwa kupunguza mazoezi wiki mbili au tatu kabla ya shindano, hudumu kwa muda mfupi kisha huanza kuoza kama embe. Ushauri wangu kwa aliyeahirishiwa ni kwamba aichukulie habari hiyo kana kwamba ni kufutwa, apumzike wiki moja au mbili bila kuona haya, na aanze mzunguko mpya wa mazoezi pale tu tarehe mpya itakapokuwa imethibitishwa na kubaki majuma yasiyozidi kumi na sita.

Katika kipindi hicho cha katikati, kinachomtisha mkimbiaji zaidi ni kwamba kazi yake yote inapotea. Hofu hii ina ukweli, lakini ni ukweli mdogo kuliko hofu yenyewe. Mtafiti Edward Coyle na wenzake waliwapima wanamichezo waliozoea mazoezi ya ustahimilivu kisha wakaacha kabisa. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulipungua kwa takriban asilimia 7 katika wiki tatu za mwanzo, na baada ya siku 84 za kukaa bila mazoezi ulikuwa umepungua kwa asilimia 16. Sehemu kubwa ya upotevu wa mwanzo inatokana na damu: ujazo wake mwilini hupungua, na moyo husukuma kiasi kidogo zaidi kila unapopiga. Ndiyo sababu mtu aliyekaa siku kumi huona kilima kilekile kimeota na kuwa kirefu, na ndiyo sababu pia hali hiyo hurudi upesi akianza tena.

Hayo ni ya aliyeacha kabisa. Kwa anayepunguza tu, habari ni njema zaidi, na ningependa kila mkimbiaji aliyefutiwa mbio azijue. Robert Hickson wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliwafanyisha watu mazoezi makali siku 6 kwa wiki, dakika 40 kwa siku, kwa wiki 10, kisha akawapunguzia kwa njia mbalimbali kwa wiki 15 zaidi. Waliobaki na siku 4, na hata waliobaki na siku 2 tu kwa wiki, walishikilia uwezo wao wa kutumia oksijeni, ilimradi ukali wa mazoezi ulibaki uleule. Waliopunguziwa muda hadi dakika 26 au 13 kwa siku waliushikilia pia, ingawa wale wa dakika 13 walipoteza kiasi cha ustahimilivu wa muda mrefu. Walioshindwa kuushikilia ni wale waliopunguza ukali. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba katika miezi isiyo na shindano anaweza kupunguza siku na kilomita kwa kiasi kikubwa, mradi mara mbili kwa wiki akimbie hadi pumzi zimpande. Wengi wetu tunafanya kinyume chake: tunaendelea kujikokota kila siku kwa mwendo wa kuchosha bila kunoa, tunachoka na ule utaratibu, kisha tunaacha vyote.

Pengo la tarehe nalo linazibika, ila si kwa kujiambia tu kwamba "nitaendelea kukimbia". Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha katika tafiti nyingi kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio mahususi hutekelezwa zaidi kuliko nia inayoelea. Anayesema "nikishaswali alfajiri navaa raba kabla ya kushika simu" ana nafasi kubwa ya kutoka nje kuliko anayesema "wiki hii lazima nikimbie mara tatu", kwa sababu wa kwanza ameikabidhi kazi ya kuamua kwa adhana, na adhana haijawahi kufutwa.

Nimesema shindano huleta hamasa, na hilo ndilo eneo ambalo sisi wa pwani hii tulikuwa na dawa yake kabla hatujajua ugonjwa. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakumbuka mchakamchaka: alfajiri ya baridi, safu mbili, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, miguu inafuata wimbo na si wimbo unaofuata miguu. Hapakuwa na medali wala muda uliopimwa, wala hapakuwa na mwisho zaidi ya kurudi pale mlipoanzia, na bado mtoto ambaye asingekimbia mita mia peke yake alizunguka kijiji kizima. Vilabu vya jogging vya Temeke, Mbagala na kwingineko Dar es Salaam ni watoto wa mchakamchaka huo. Jumapili asubuhi utawaona na fulana zao za rangi moja, ngoma mbele, wazee na vijana kwa mwendo mmoja wa polepole, wakielekea kutembelea klabu ya mtaa mwingine. Wakimbiaji wa saa za mkononi huwatazama kwa kejeli kidogo, nami nimewahi kuwa mmoja wao, lakini ukweli ni kwamba vilabu hivyo havihitaji shindano ili viamke, kwa sababu anayekosa Jumapili ataulizwa Jumatatu.

Mwaka 2020 hata kukusanyika huko kulizuiwa katika nchi nyingi. Kenya iliweka kafyu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na makundi ya mazoezi ya Iten na Kaptagat yakalazimika kutawanyika, kila mmoja akimbie kivyake. Uganda ilikataza mazoezi ya nje kabisa, na Rais Museveni, aliyekuwa na umri wa miaka 75, akatoa video akikimbia pekupeku kuzunguka ofisi yake na kupiga pushapu 30 ili kuwaonyesha wananchi kwamba inawezekana. Watu walicheka, kisha wengi wao wakasogeza makochi.

Mbio za mtandaoni zilizozuka wakati huo, ambapo kila mtu hukimbia mahali alipo na kutuma muda wake kwa programu ya simu, zilijaribu kurudisha wenzi bila kurudisha mkusanyiko. Tarehe 4 Oktoba 2020 watu 37,966 walikamilisha marathoni ya London kwa njia hiyo ndani ya saa 24, kila mmoja kwenye mtaa wake. Mimi nina mashaka nazo kwa matumizi ya kila mwezi. Simu hukosea umbali palipo na majengo marefu, hakuna anayekuona ukisimama kwenye kona kunywa maji, na medali ikiletwa na posta huonekana kama kitu ulichonunua. Lakini tarehe moja kubwa kama ile, ambayo kila mkimbiaji anajua kwamba wapo maelfu wengine barabarani saa ileile, ni jambo jingine.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2012, baada ya kimbunga Sandy kuipiga New York, marathoni ya jiji hilo ilifutwa Ijumaa jioni, siku mbili tu kabla ya kufanyika, wakati wakimbiaji kutoka nchi za mbali walikuwa wameshafika hotelini. Jumapili ile wengi walikwenda kuzunguka bustani ya Central Park bila kuitwa na mtu. Mamia ya wengine walivaa fulana zao za mbio, wakabeba mabegi yenye vyakula na mahitaji mengine, wakavuka hadi Staten Island, mahali ambapo mbio zingeanzia, wakavigawa kwa miguu nyumba kwa nyumba kwa watu waliokuwa wamepoteza kila kitu.

Kuna njia nyingine, ya kubadili kabisa kile unachokikimbilia, na mfano wake bora ninaoujua ni wa nyumbani, japo aliyeupata si mkimbiaji wa ridhaa wa aina yetu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, akimshinda John Walker wa New Zealand kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.16. Dunia ilisubiri marudiano yao kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hayakutokea: Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Walker akatwaa dhahabu bila Bayi kuwepo. Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi alirudi, lakini si kwa mita 1,500. Alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akapata medali ya fedha. Kwa mkimbiaji wa Jumapili, jambo kama hilo ni dogo na rahisi zaidi: aliyefutiwa kilomita 42 anaweza kuutumia mwaka huo kutafuta kilomita 5 za kasi ambazo hajawahi kuzikimbia, kwani umbali mpya hauna kumbukumbu ya kukulaumu na kila wiki huonyesha maendeleo.

Kwa upande wangu, kilichonitoa ndani hatimaye kilikuwa sehemu ndogo ya haya yote. Wiki ya tatu nilimpigia mwenzangu mmoja, naye akawapigia wawili, tukakubaliana Jumapili moja kukimbia zile kilomita 21 zetu wenyewe, kutoka Coco Beach kuelekea Masaki na kurudi, mara kadhaa, hadi zitimie. Tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Shemeji yangu alikuja na baiskeli, chupa za maji kwenye kikapu, na kazi ya kupiga kelele ya muda kila kilomita, kazi aliyoifanya kwa furaha isiyo na huruma. Kwenye kilomita ya 18, pale ambapo katika shindano la kawaida ningejificha katikati ya watu na kutembea kidogo, nilikuta hakuna watu wa kujificha katikati yao. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 3, dakika tatu zaidi ya nilizozipanga, na fulana niliyoivaa ilikuwa ileile, ina matundu manane madogo ya pini kifuani.

Kijana wa madafu ndiyo kwanza alikuwa anapanga biashara yake. Alitutazama tukihema na mikono magotini, kisha akauliza, "Kaka zangu, mlikuwa mnakimbizwa na nani?" Shemeji akamjibu kwamba hayo yalikuwa mashindano. Kijana akatazama kushoto na kulia, barabara tupu. "Sasa nani kashinda?" Tukatazamana, tukaagiza madafu matano.